Mlima Haukusimama Peke Yake

Ukitaka kuipoza meza iliyochangamka hapa Moshi, ingiza habari za bahari. Watu watakusikiliza kwa adabu, kisha atatokea mmoja, mara nyingi msomi, akuangushie hoja tatu kwa mpigo. Sisi ni watu wa mlima. Bahari ina wenyewe, wako Tanga na Unguja. Halafu, kupima miinuko na mabonde ya sakafu ya Bahari ya Hindi, huko katikati kusikofika jua, ni anasa ya mataifa yenye meli na fedha za kuchezea. Nchi ambayo zahanati zake bado zinaishiwa dawa haina nafasi ya kuhangaika na mgongo wa bahari. Na hata hivyo kazi yenyewe ilikwisha zamani: fungua simu, ramani ya dunia nzima hiyo hapo, bluu imekolezwa mpaka chini. Akimaliza atakufungia na methali, usiache mbachao kwa msala upitao, na meza nzima itaitikia.

Hoja hiyo nimeisikia Kiborloni, nimeisikia kwenye misiba ya Kibosho ambako maongezi hupita njia zisizotabirika, na nimeisoma ikiwa imevalishwa suti katika maandishi ya wapanga mipango. Kwa nje ina sura ya busara. Ndani imeoza, na uozo wake unaanzia kwenye mlima wenyewe tunaoutumia kuitetea.

Waongoza watalii wetu humwambia kila mgeni kwamba Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote duniani uliosimama peke yake. Kwa macho ni kweli. Asubuhi ya Januari, ukiwa kwenye barabara ya TPC, unauona wote kuanzia migombani hadi kwenye barafu, bila safu ya kuusindikiza. Kwa jiolojia si kweli hata kidogo. Shira, Mawenzi na Kibo ni volkano tatu zilizojengeka moja kando ya nyingine ndani ya takriban miaka milioni mbili na nusu, na ndugu zao wako magharibi: Meru, Monduli, Gelai, Kitumbeine, Ngorongoro, na Ol Doinyo Lengai ambao hadi leo unatapika. Ukoo huo wote umezaliwa na jambo moja: gamba la dunia upande huu wa Afrika linavutwa kwenda pande mbili, linakonda, linapasuka.

Ufuate mpasuko huo kwenda kaskazini: Natron, Magadi, Naivasha, Turkana, nyanda za juu za Ethiopia, hadi Afar. Hapo unakutana na mipasuko mingine miwili ambayo imekwisha kujaa maji, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Ingia ghuba hiyo uelekee mashariki, utatokea kwenye Bahari ya Hindi, juu ya safu inayoitwa Mgongo wa Carlsberg. Kutoka hapo unaweza kuteremka kusini, kuizunguka Afrika mbali chini ya Rasi ya Tumaini Jema, na kuipanda Atlantiki hadi Iceland bila kuuacha mgongo. Mtandao huu wa milima iliyozama, ukijumlisha bahari zote, una urefu wa takriban kilomita 65,000. Hakuna safu ndefu kuliko hiyo duniani, na tawi lake la nchi kavu linapita nyuma ya Meru.

Mwenye hoja atajibu: kuunganishwa kwenye ramani ya wanasayansi si kuhusika. Haya, tuitazame ramani hiyo ilivyopatikana, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Kati ya 1928 na 1930 meli ya Denmark iitwayo Dana iliizunguka dunia chini ya Johannes Schmidt, mtaalamu wa mikunga. Ilipokuwa Bahari ya Hindi ilipima kina kwa mwangwi, yaani kwa kutuma sauti chini na kuhesabu muda inaochukua kurudi, ikakuta sakafu inainuka. Schmidt akaupa mwinuko huo jina la mfuko uliolipia safari, mfuko wa kiwanda cha bia cha Carlsberg. (Miaka hiyohiyo Mdenmaki mwingine, A. P. Møller mwenye meli za mizigo, alikuwa anaanzisha shamba la miwa Arusha Chini, kusini mwa mji wetu, lile tunaloliita TPC mpaka leo. Habari ya miwa ya Wadenmaki kila mtu Moshi anaijua.)

Kisha ikaja meli ya Misri, Mabahiss, mwaka 1933 na 1934, chini ya Seymour Sewell. Ilipita Mombasa na Zanzibar, ikaukata Mgongo wa Carlsberg, na vipimo vyake vya mwangwi vikaonyesha kitu ambacho hakikutarajiwa: juu ya mgongo, katikati kabisa, palikuwa na bonde refu lenye kuta kali. Sewell na mwenzake Wiseman walipoandika habari zake mwaka 1937 walihitaji mfano ambao msomaji angeweza kuuona kwa macho. Waliupata katika Bonde la Ufa la Afrika. Hawakuwa na picha ya chini ya bahari, walikuwa na tarakimu za kina tu, na tarakimu hizo walizisoma kwa msaada wa ardhi yetu.

Marie Tharp naye hakupelekwa na meli popote. Alifanya kazi katika kituo cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakati ambapo wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti. Mwenzake Bruce Heezen alisafiri na kuleta vipimo. Tharp alikaa mezani na kuvichora. Mwaka 1952 alipanga mikato ya Atlantiki mmoja chini ya mwingine na kuona kwamba karibu kila mmoja una pengo kileleni mwa mgongo, mahali palepale. Akasema ni bonde la ufa. Heezen akampuuza, akayaita maneno ya kisichana, kwa sababu kukubali bonde hilo kulikuwa sawa na kukubali kwamba mabara yanasogea, na zama zile mwanajiolojia aliyesema hivyo alichekwa. Meza ya jirani alikaa Howard Foster, akitia nukta za maelfu ya matetemeko ya ardhi kwenye ramani, kwa kuwa kampuni ya simu ilitaka kujua wapi kebo zake zingekuwa salama. Ramani mbili zilipopandanishwa, nukta zikaangukia ndani ya bonde la Tharp.

Sasa sikiliza kilichofuata. Kwenye bahari ambazo hazikuwa na vipimo vya kutosha, waliyafuata matetemeko. Yaliwapeleka Bahari ya Hindi, yakawaingiza Ghuba ya Aden, kisha yakapanda nchi kavu, hadi kwenye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Bonde ambalo Wamasai wanachungia ng'ombe ndani yake ndilo lililokuwa shahidi kwamba alichokichora Tharp si kosa la kalamu.

Na bado sijafika kwenye kisa chenyewe. Novemba 1962 meli ya kijeshi ya upimaji ya Uingereza, Owen, ilivuta kipimasumaku juu ya kipande cha Mgongo wa Carlsberg, ikiwa sehemu ya msafara wa kimataifa wa kuichunguza Bahari ya Hindi. Msimamizi wa upimaji huo alikuwa Drummond Matthews wa Cambridge. Mwanafunzi wake, Fred Vine, alipoyachambua matokeo aliona kwamba sakafu ya bahari ina mistari kama ya pundamilia: hapa sumaku ya mwamba imeelekea kama ya leo, pale imeelekea kinyume. Maelezo yao, yaliyotoka katika jarida la Nature Septemba 1963, ndiyo yaliyofungua mlango. Lava inapanda kwenye ufa wa mgongo, inaganda, na inapoganda inahifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia ya siku hiyo. Sumaku ya dunia hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini. Sakafu mpya inaisukuma ya zamani kwenda pande zote mbili, kwa hiyo mistari ya kushoto inafanana na ya kulia. Bahari, kumbe, inapanuka, na inajiandikia kumbukumbu yenyewe.

Kumbukumbu isiyo na tarehe haina kazi. Tarehe zilitoka kwenye lava za nchi kavu ambazo umri wake unaweza kupimwa. Mwaka uleule wa 1963, katika jarida lilelile, Grommé na Hay walichapisha vipimo vya sumaku vya basalti ya Olduvai, ndani ya Ngorongoro, mkoa wa jirani. Mwamba huo uliganda wakati sumaku ilipokuwa imeelekea kama leo, katikati ya enzi ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kinyume. Kipindi hicho kifupi, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita kwa hesabu za sasa, kikapewa jina Olduvai, na ni mojawapo ya alama za kwanza ambazo mpimaji wa mgongo wa bahari huzitafuta. Anayevuka Mgongo wa Carlsberg na kipimasumaku anakutana na Olduvai kilomita ishirini na ushei upande mmoja wa ufa, na Olduvai nyingine upande wa pili. Ndivyo ilivyo Atlantiki na Pasifiki, kwa umbali tofauti. Korongo la Tanzania limeandikwa chini ya bahari zote, na msomi wa Moshi anakuambia habari za huko hazimhusu.

Hoja ya kwamba kazi imekwisha nitaipitia upesi, kwa sababu haihitaji nguvu nyingi. Rangi ya bluu kwenye simu yako kwa sehemu kubwa ni makisio. Setilaiti hupima jinsi uso wa bahari unavyovimba kidogo juu ya milima iliyozama, kisha kompyuta hukisia umbo la chini. Makisio hayo yanaona vitu vyenye upana wa kilomita kadhaa; kreta ya Kibo, yenye upana wa zaidi ya kilomita mbili, ingefutika. Mradi wa kimataifa uitwao Seabed 2030 ulipoanza mwaka 2017, sakafu iliyokuwa imepimwa ipasavyo kwa vyombo vya kisasa ilikuwa karibu asilimia 6. Kufikia katikati ya 2025 ilikuwa asilimia 27.3. Asiyeamini na akumbuke ndege ya Malaysia iliyopotea Machi 8, 2014. Kabla ya kuanza kuitafuta kusini mwa Bahari ya Hindi ilibidi kwanza sakafu ichorwe ramani, maana ramani ya maana haikuwepo. Vipande vya ndege hiyo vilisukumwa na maji hadi upande wetu. Kimoja, cha bawa, kiliokotwa Pemba mwaka 2016. Bahari ambayo "imekwisha kupimwa" ilimeza ndege nzima na kuturudishia ubao.

Sasa tuje nyumbani. Julai 2007 ardhi ilitikisika kwa wiki kadhaa kaskazini mwa nchi hii, na mtikisiko ulifika Nairobi. Tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilikuwa la kipimo cha 5.9. Rada za setilaiti zilipolinganishwa zilionyesha kwamba chini ya Gelai, kando ya Ziwa Natron, magma ilikuwa imejipenyeza wima kama ukuta mwembamba na kuisukuma ardhi pande mbili. Septemba, Lengai, ambao kwa miaka ulikuwa ukitiririsha lava yake nyepesi isiyo na mfano kwenye volkano yoyote hai duniani, ulilipuka na kurusha majivu angani. Miaka miwili kabla, Septemba 2005, Afar ilikuwa imepasuka vivyo hivyo kwa urefu wa kilomita 60, na mahali pengine ardhi ilijitenga kwa mita 8 ndani ya majuma machache.

Hivyo ndivyo mgongo wa bahari unavyokua. Hautelezi taratibu mwaka hadi mwaka. Hukaa kimya, kisha hupasuka kwa kishindo, magma ikaingia, kimya kikarudi. Kwenye Carlsberg jambo hilo hutokea chini ya kilomita kadhaa za maji na hakuna anayeamshwa usingizini. Huku kwetu linawaamsha watu. Mtaalamu wa maafa wa Arusha au Moshi ambaye hajasoma habari za migongo ya bahari anajua nusu tu ya kilicho chini ya miguu yake, kwa sababu sehemu ambako mpasuko umekomaa, na tabia yake imeandikwa kwa mamilioni ya miaka, ni huko baharini.

Ujinga wa jambo hili una gharama hata pasipo tetemeko. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, korongo lilijifungua karibu na Mai Mahiu, Kenya, likakata barabara ya Narok. Vyombo vya habari vya dunia vikatangaza kwamba Afrika inagawanyika, na makundi ya WhatsApp ya hapa yakajaa sauti za watu waliokuwa na uhakika kwamba tunaelekea kuwa kisiwa. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yamezoa majivu laini ya volkano kutoka chini, na udongo wa juu ukadidimia. Ufa wetu unapanuka milimita chache tu kwa mwaka. Carlsberg unapanuka sentimita mbili hadi tatu. Mtu aliyezijua tarakimu hizo mbili asingepoteza usingizi, wala asingemtumia shangazi yake ile video.

Na kwa kuwa nawalaumu wengine kwa kutia chumvi, nisiitie ya kwangu. Kilimanjaro si volkano ya mgongo wa bahari. Miamba ya Kibo ina sodiamu na potasiamu nyingi, ni ya kuyeyuka chini ya bara nene, tofauti na basalti ya Carlsberg. Wala si kila ufa huzaa bahari. Ufa wa Anza, kaskazini mwa Kenya, ulianza vizuri ukafia njiani, na wetu unaweza kufuata mkondo huohuo. Atakayekuambia kwamba Himo itakuwa bandari, jihadhari, anauza viwanja. Ninachokisema ni kwamba mambo haya mawili yanasomwa pamoja, na anayekataa moja amejinyima la pili.

Basi tuzungumze fedha, ambayo ndiyo hoja yao nzito na ya haki. Meli ya utafiti wa bahari kuu hula makumi ya maelfu ya dola kwa siku. Mtu akipendekeza Tanzania inunue moja wakati mama mjamzito wa kijijini anasafirishwa kwa bodaboda, nitakuwa wa kwanza kumpinga. Lakini nani alisema kuhusu meli? Tharp hakuwa nayo. Alikuwa na meza, kalamu, wino na vipimo vya watu wengine. Leo vipimo hivyo viko wazi kwa yeyote: ramani ya kina cha bahari zote inayotolewa bure na GEBCO, orodha ya matetemeko inayotolewa bure na idara ya jiolojia ya Marekani. Mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye kompyuta ya mtumba anaweza kuifanya kazi ya Foster kwa siku moja, na mstari wa nukta ukajichora mbele ya macho yake kutoka katikati ya Bahari ya Hindi hadi Natron. Badala yake tunamkaririsha Atlantiki na Iceland, kama vitabu vingi vilivyopita mikononi mwangu vinavyotaka.

Kuna atakayesema jiografia ya mezani ndiyo iliyotuletea aibu: mwaka 1848 Johannes Rebmann aliona theluji kwenye Kibo, na Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika aliyekaa London, akakataa kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Kweli. Ila Cooley na Tharp wote walikuwa kwenye viti. Mmoja aliletewa habari kutoka uwanjani akaikataa kwa sababu haikuingia kwenye nadharia yake, mwingine aliletewa vipimo akaviamini kuliko maneno ya Heezen.

Tena si kweli kwamba watu wa mlima hawajawahi kuona manufaa ya kupima chini ya maji. Ziwa Chala liko ubavuni mwa Kilimanjaro, Rombo, mpakani na Kenya. Mwaka 2016 watafiti wa mataifa mbalimbali waliweka mtambo wa kuchorongea juu ya chelezo katikati ya ziwa hilo, baada ya kulipima tope lake kwa mawimbi ya sauti, na wakatoa chini yake kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 250,000. Mvua za mlima huu, ukame wake, moto wa nyika zake, vyote vilikuwa vimelala pale tabaka juu ya tabaka. Mkulima wa Rombo anayegombania zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi, ana haki ya kujua ukame mrefu wa eneo lake uliwahi kufika wapi, na jibu halikuwa kileleni. Lilikuwa chini ya maji.

Halafu kuna hii kauli ya bahari kuwa na wenyewe. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na mgeni akaweza kutuma picha akiwa bado kwenye njia ya Marangu. Tukashangilia kama kwamba intaneti imeshuka kutoka mbinguni. Jumapili ya Mei 12, 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Moshi nzima ilijua siku ile kwamba iko ufukweni. Kebo hizo hulazwa na watu wanaojua sakafu ilivyo, wapi pana mteremko unaoporomoka, wapi pana mwamba mkali. Ndiyo sababu ileile iliyomkalisha Foster na nukta zake miaka ya 1950.

Sasa la mwisho, ambalo wenye hoja huwa hawalifikii kwa sababu wameshaondoka mezani. Wakati sisi tunajadili kama mgongo unatuhusu, unagawanywa. Kwenye nyufa zake maji ya bahari huzama, hukutana na miamba ya moto na kurudi juu yakiwa na shaba, zinki, dhahabu, ambazo hujengeka kama minara sakafuni. Pembeni ya minara hiyo wanaishi viumbe wasiopatikana kwingine, akiwemo konokono mwenye magamba ya chuma mguuni aliyegunduliwa mwaka 2001 kwenye mgongo wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kwa sababu ya uchimbaji ambao hata haujaanza. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, imetoa mikataba ya utafutaji wa madini hayo katika bahari yetu: China 2011, Korea Kusini 2014, Ujerumani 2015, India 2016. Septemba 2025 India ilisaini tena, safari hii kwa Mgongo wa Carlsberg wenyewe, kwa miaka 15. Hakuna nchi ya Afrika iliyodhamini mkataba hata mmoja. Iwe unataka madini hayo yachimbwe au, kama mimi, ungependa konokono aachwe na magamba yake, huna la kusema kikaoni kama huwezi kuisoma ramani iliyo mezani.

Nchi ndogo zimelielewa hili. Mauritius na Shelisheli ziliwasilisha kwa pamoja vipimo vya uwanda wa chini ya bahari wa Mascarene, na mwaka 2011 zikatambuliwa haki juu ya eneo la takriban kilomita za mraba 396,000, yaani karibu nusu ya Tanzania bara, kwa nguvu ya namba za kina na mashapo. Tanzania nayo iliwasilisha madai yake ya rafu ya bara zaidi ya maili 200 mwaka 2012. Kwa hiyo serikali yenyewe inajua kwamba sakafu ya bahari ni ardhi. Anayeona ni anasa abishane na faili hilo.

Wala hatukuwa wageni katika uwanja huu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, unaoitangaza sakafu ya bahari kuu kuwa urithi wa binadamu wote, ulijadiliwa na Watanzania walioheshimika. Joseph Warioba, kabla hajawa Waziri Mkuu, alichaguliwa mwaka 1983 kuongoza tume iliyoandaa kuanzishwa kwa hiyo Mamlaka ya Kingston, na baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Tume hiyohiyo ndiyo iliyoisajili India mwaka 1987 kama mwekezaji wa mwanzo. India ikaondoka na usajili wake, ikasomesha watu, na leo inapima Carlsberg.

Mkataba huo wa 1982 ulizaa kanuni moja ambayo wanaolia na gharama hawaitaji: kila mwenye mkataba na Mamlaka analazimika kugharimia mafunzo ya watu kutoka nchi zinazoendelea, ikiwa ni pamoja na kuwapandisha kwenye meli zake. Nafasi hutangazwa, tiketi hulipwa, meli ni ya wenyewe. Kijana wa Rau mwenye shahada ya jiolojia anaweza kutuma maombi usiku wa leo, kama kebo haijakatika.